Samaki Mkunje Angali Mbichi: Masteri Huanza Mwaka wa Kwanza

Kila mara mwaka wa tatu unapokaribia mwisho, swali moja huzunguka katika korido za kitivo: "Na wewe, unaenda masteri?" Wengi hulijibu kama swali la mfuko. Akiwapo mjomba au kaka wa kulipa minervali, jibu ni ndiyo. Asipokuwapo, jibu ni hapana. Swali la mfuko lina uzito wake, na sitalidharau. Lakini kuna swali la pili ambalo huulizwa mara chache sana: je, kazi ya masteri unaijua? Umewahi kuuliza swali lako mwenyewe, ukatafuta jibu lake mahali ambapo silabusi haikufika?

Maoni yangu ni haya. Kitivo chetu kinawaandaa wanafunzi kufaulu mitihani, halafu katika miezi ya mwisho kinawadai utafiti. Kazi hiyo haiingii katika miezi michache. Maandalizi ya masteri yaanze mwaka wa kwanza, na yawahusu wanafunzi wote, hata wale ambao hawana nia ya kuendelea.

Tuanze na jambo lililobadilika. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya nchi yetu viliingia katika mfumo wa LMD: lisansi miaka mitatu, masteri miwili, doktora mitatu. Ni mpango uliotoka Ulaya, katika njia iliyofunguliwa na Tamko la Bologna la 1999, na umeenea katika sehemu kubwa ya Afrika inayosoma kwa Kifaransa. Zamani kwetu ilikuwa gradua ya miaka mitatu, kisha lisansi ya miaka miwili. Ukihesabu miaka, hakuna tofauti: mitano na mitano. Tofauti iko kwenye mlango. Aliyemaliza gradua kwa kawaida aliendelea na lisansi katika idara ileile, kwa walimu walewale. Aliandika kazi ya mwisho wa gradua, akakosolewa, na miaka miwili baadaye akaandika memware. Kazi ya kwanza ilikuwa mazoezi ya kazi ya pili.

Leo mlango umewekwa katikati. Mwenye lisansi ya miaka mitatu anahesabiwa kuwa amemaliza safari kamili. Akitaka kuendelea, anaomba nafasi kama mgeni, hata kama anaomba hapahapa Lubumbashi. Anayeisoma barua yake hamjui. Anachokiona ni karatasi: alama, barua ya nia, mradi wa utafiti wa kurasa chache. Mfumo wa zamani ulimpa mwanafunzi muda wa kujikwaa ndani ya nyumba. Mfumo mpya unamtaka afike mlangoni akiwa tayari anatembea.

Mfumo wenyewe umetupa dawa, ila hatuimezi. Lisansi ni kredi 180, masteri ni kredi 120, yaani kredi 60 kwa mwaka. Kredi haihesabu saa za mwalimu mbele ya ubao peke yake. Inahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi peke yake: kusoma, kuandika, kukusanya, kurudia. Saa hizo zimo katika hesabu ya diploma zetu. Je, zimo katika maisha yetu? Katika kozi nyingi, saa za mwanafunzi zinapita katika kutafuta silabusi, kuinakili, na kuikariri wiki ya mtihani. Tunapewa kredi za kazi ambayo hatuifanyi, na mlango wa masteri ndio mahali pa kwanza ambapo deni hilo linadaiwa.

Kwa kitivo cha lugha, hasara ni kubwa kuliko nafasi ya mtu mmoja. Angalia ni nani walioandika juu ya Kiswahili cha mji wetu. Edgar Polomé, Mbelgiji, alifundisha isimu hapa katika miaka ya kwanza kabisa ya chuo kikuu, kilichofunguliwa 1956 wakati mji ukiitwa Élisabethville, na ni miongoni mwa wanaisimu wa mwanzo kukieleza Kiswahili hiki. Johannes Fabian, Mjerumani, alifundisha hapa kuanzia 1972 hadi 1974. Mazungumzo aliyoyarekodi wakati ule na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu yalizaa kitabu kilichotoka 1996. Walter Schicho wa Austria aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, na mwaka 1981 yeye na Mbayabo Ndala walitoa kitabu juu ya kundi la michezo la Mufwankolo. Vincent de Rooij alitetea tasnifu yake Amsterdam mwaka 1996 juu ya jinsi watu wa Shaba wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo.

Sitaji majina haya ili kulalamika kwamba wageni walituibia kitu. Hawakuiba. Waliona kitu ambacho sisi tulikiona cha kawaida mno, wakakiheshimu kwa kukiandika. Lakini tujiulize walikuja na nini. Kiswahili chetu walijifunza kwetu, hapo tuliwazidi. Walichotuzidi ni ufundi: kuuliza swali moja lililo wazi, kurekodi, kuandika neno kwa neno kile kilichosemwa badala ya kile ambacho kingepaswa kusemwa, kulinganisha, na kuvumilia miaka. Ufundi si damu wala rangi. Ufundi hufundishwa.

Na ulipofundishwa au kupewa nafasi, watu wa hapa waliufanya. Ile historia ya mji iliyoandikwa 1965 kwa Kiswahili cha Élisabethville, kwa jina la André Yav na kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu, ilichapishwa tena na Fabian mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango. Na mwaka 2014 ilitoka sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi, pamoja na matini na orodha ya maneno, ambayo Aurélia Ferrari aliiandika pamoja na Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa. Swali langu ni kuhusu kitabu kijacho. Nani atakiandika? Kama mwanafunzi wa leo anamaliza lisansi bila kurekodi na kunukuu hata dakika kumi za mazungumzo, atakiandika nani?

Nichukue mfano wa kwetu, Kilwa. Siyo Kilwa Kisiwani ya pwani ya Tanzania. Nasema Kilwa ya territware ya Pweto, kando ya ziwa Mweru. Mwanafunzi anayetoka huko huja Lubumbashi akidhani amekuja kutafuta maarifa, na kwamba alikotoka hakuna kitu. Kumbe ametoka katika maabara. Ng'ambo ya maji ni Zambia. Samaki, nguo na unga vinavuka, na maneno yanavuka navyo. Sokoni utasikia Kiswahili, utasikia Kibemba na lugha za wavuvi wa ziwa, utasikia Kifaransa cha ofisi upande huu na Kiingereza kilichotoka upande ule. Mwanaisimu wa mbali angelipa tiketi ya ndege ili akae pale mwezi mmoja. Mwanafunzi wetu anakaa pale kila likizo, bila daftari.

Sasa tumuulize mwanafunzi huyo wa mwaka wa tatu anataka kuandika juu ya nini. Atajibu: "Juu ya Kiswahili cha Kilwa." Hilo ni jina la mahali, bado halijawa swali. Mwalimu mwenye nafasi angemrudisha: Kiswahili cha nani, cha wapi, cha saa ngapi? Akifikiri, atasema: cha wanawake wanaouza samaki. Ni hatua. Kitu gani katika Kiswahili chao? Hesabu na bei. Hatua nyingine. Kisha swali linazaliwa: muuzaji na mnunuzi wanapotoka pande mbili za ziwa, bei inatajwa kwa lugha gani, na nani anabadilisha lugha kwanza? Hapo mtu anaweza kufanya kazi. Anajua amrekodi nani, baada ya kumwomba ruhusa, na anajua asikilize nini. Anajua pia ni kitu gani kingeonyesha kwamba dhana yake si ya kweli, na hicho ndicho kinachotenganisha utafiti na insha ya kusifia kijiji.

Safari hiyo kutoka jina la mahali hadi swali haitembewi kwa siku moja. Inataka mwanafunzi aifanye mara tatu, mara nne, kwa mambo madogo, na kila mara akosolewe. Anayeifanya kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya kutoa kazi yake atafanya kile tunachokiona kila mwaka: atachukua kazi ya mkubwa aliyemtangulia, atabadilisha jina la kijiji, ataacha majedwali yaleyale. Tunamwita mvivu. Mara nyingi si uvivu. Hakuna aliyemwonyesha namna nyingine.

Kuna jambo la pili la maandalizi ambalo ni letu hasa: lugha ya kazi. Tunasoma Kiswahili kwa Kifaransa. Ina sababu zake, kwa kuwa Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba cha Kasai. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wetu anaweza kueleza ngeli za nomino kwa Kifaransa safi, na akiombwa aeleze mambo hayohayo kwa Kiswahili ananyamaza. Dar es Salaam, katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, tasnifu za Kiswahili zinaandikwa kwa Kiswahili, na msamiati wake upo tayari: fonolojia, mofolojia, sintaksia, nadharia, data, mawanda ya utafiti, tasnifu, uzamili, uzamivu. Sisi tunaosema Kiswahili tangu matumbo ya mama zetu tunafika kule tukiwa kama wageni wa lugha yetu.

Na tunafika na aibu pia. Tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba Kiswahili chetu kimevunjika. Tunasema *batoto*, wao wanasema *watoto*. Tunauliza *juu ya nini*, wao wanauliza *kwa nini*. Aibu hiyo inawafanya wengine wakimbie Kiswahili kabisa na kuomba masteri katika Kifaransa, si kwa kupenda bali kwa kujificha. Mwanafunzi aliyeandaliwa vizuri hana haja ya kujificha. Anaandika Kiswahili bora pale kinapotakiwa, kama mtu anayevaa suti siku ya kutetea memware, na anajua kwamba *batoto* ni data, ina kanuni zake, na kwamba yeye ni mmoja wa watu wachache duniani wanaoweza kuzisikia kanuni hizo kutoka ndani. Mbele ya kamati ya masteri, huo ni utajiri. Lakini utajiri ambao hujui kuueleza ni kama sarafu ya nchi nyingine: ipo mfukoni, na hainunui kitu.

Wakati nao unatuita. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huohuo nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watatafutwa wafasiri, wakalimani, walimu, watunga kamusi. Nafasi hizo hazitatusubiri kwa sababu tu tuko wengi tunaosema Kiswahili. Zitachukuliwa na wenye Kiswahili pamoja na Kifaransa na Kiingereza, na pia karatasi zinazosomeka.

Kuhusu karatasi, niseme machache ya wazi, maana yanawaangusha hata wenye akili. Neno "lisansi" kwetu lilimaanisha miaka mitano, leo linamaanisha mitatu. Unapoandika nje ya nchi, usiseme "nina lisansi" ukanyamaza. Taja miaka na kredi. Barua ya kupendekezwa haiombwi kwa profesa ambaye hajawahi kukusikia ukisema neno katika ukumbi wa wanafunzi mia kadhaa. Ataandika kwamba ulikuwa na adabu, na hakuna chuo kinachotoa nafasi kwa adabu peke yake. Anayeweza kukuandikia ni mwalimu aliyesoma kazi yako na kuirudisha na wino mwekundu. Barua hiyo basi inaanza kuandikwa mwaka wa pili, siku unayompelekea kurasa zako. Na Kiingereza cha kusoma hakijengwi kwa mwezi mmoja: de Rooij na Fabian, waliotuandika sisi, kwa sehemu kubwa wametuandika kwa Kiingereza. Haifai mtu wa Lubumbashi ashindwe kusoma kilichoandikwa juu ya mama yake.

Najua yatakayojibiwa. La kwanza: si kila mwanafunzi anataka masteri. Kweli. Wengi watakwenda kufundisha shule za sekondari, wengine redioni, wengine katika ofisi za migodi. Lakini mwalimu wa Pweto anayejua kusikiliza jinsi watoto wake wanavyosema atafundisha Kifaransa vizuri kuliko yule anayejua kukariri tu. Mwandishi wa habari anayejua kunukuu maneno ya mtu bila kuyapindisha ni mwandishi bora. Tukiwaandaa wote kama watafiti, hatuharibu mwalimu hata mmoja.

La pili: walimu ni wachache na wanafunzi ni wengi. Ni kweli pia, na sitaki maoni haya yaongeze mzigo kwa asistenti ambaye tayari anasahihisha nakala mpaka usiku. Ndiyo maana naomba kidogo. Kazi ya kurasa tano yenye swali moja na data ya mwanafunzi mwenyewe, iliyosomwa kwa makini, ina faida kuliko kazi ya kurasa arobaini iliyonakiliwa na kutiwa muhuri bila kufunguliwa. Tunaandika karatasi nyingi mno kwa ajili ya kusoma kuchache mno.

La tatu: hakuna vitabu, hakuna umeme, hakuna pesa. Hili linaumiza zaidi, na kitivo peke yake hakiwezi kulitatua. Kuna wenzetu wanaoacha kwa sababu ya minervali peke yake, na maneno matamu juu ya utafiti hayatawalipia. Lakini tuseme ukweli: kwa watu wa lugha, chombo cha kazi ni sauti, na simu ndogo inarekodi sauti. Mwanafunzi wa kemia asiye na maabara amefungwa mikono. Sisi maabara yetu inapanda taksibasi pamoja nasi kila asubuhi.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya kitivo na mbele yetu wanafunzi.

Kwanza, katika mwaka wa pili kila mwanafunzi afanye kazi moja fupi juu ya lugha hai: dakika kumi za kurekodi kwa ruhusa ya wasemaji, unukuzi wake, na kurasa tano za maelezo. Kazi irudishwe na maoni, na iandikwe upya. Kuandika upya ndiyo shule yenyewe.

Pili, wanafunzi wenyewe tuanzishe duara la kusoma, mara moja kwa wiki, makala moja kwa Kifaransa, inayofuata kwa Kiswahili, inayofuata kwa Kiingereza. Hili halihitaji sahihi ya mkuu wa kitivo. Linahitaji watu sita na nakala moja.

Tatu, kitivo kiwe na rafu na diski ya kuhifadhi kazi na sauti hizo. Leo kazi nyingi za wanafunzi zinalala katika makasha mpaka zinaliwa na mchwa. Kama kila promosio ingeacha sauti zake, baada ya miaka kumi tungekuwa na hazina ya Kiswahili cha Katanga ambayo hata mgeni angekuja kuiomba kwetu, kwa barua, akitaja majina yetu.

Nne, tangazo la masteri na la nafasi za kusomeshwa libandikwe kwenye valvu mapema na lionekane na wote. Lisipite katika simu za wachache wanaojuana na mtu. Na mara moja kwa mwaka, waliokwisha kuingia masteri, hapa au nje, waje waonyeshe barua zao, zile zilizokubaliwa na zile zilizokataliwa.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Watu wa Mweru wanajua maana yake bila kufafanuliwa: samaki akikauka, ukimkunja anavunjika. Kitivo kinawapokea wanafunzi wabichi, wenye masikio yaliyojaa lugha tatu au nne, na kinawasubiri wakauke katika silabusi kabla ya kuwaambia wakunjike kuwa watafiti. Halafu kinashangaa wanapovunjika.

Aliye mwaka wa kwanza asisubiri kitivo kikubali mapendekezo haya. Anunue daftari dogo. Leo jioni, katika basi au nyumbani, asikilize sentensi moja ambayo mwalimu wake wa shule angeisahihisha, aiandike jinsi ilivyosemwa, na chini yake aandike: kwa nini wamesema hivi? Kesho aandike nyingine. Atakapofika mwaka wa tatu na kuulizwa kama anaenda masteri, la mfuko litabaki pale lilipo, lakini lile swali la pili atakuwa na majibu yake mkononi, kurasa baada ya kurasa.